Mtoto wa mbwa amekuja na ugonjwa: umrudishe, ubadilishiwe, mgawane gharama au ufungue madai?

Muuzaji wa mbwa akipigiwa simu kuambiwa kwamba mtoto aliyemuuza juzi anaumwa, huwa na majibu matatu tayari: "mrudishe", "ngoja nitakupa mwingine", au "hapa kwangu alitoka mzima". Njia mbili nyingine, kugawana gharama za matibabu na kufungua madai mahakamani, huja na mnunuzi mwenyewe. Ulinganisho huu ni wa mtu aliye Nakuru, Kisumu, Kakamega au Eldoret ambaye pesa zimeshatumwa, mtoto yuko nyumbani, na tangu asubuhi hajagusa chakula.

Tuseme msimamo mapema. Kwa magonjwa ya kuambukiza, kubaki na mbwa na kugawana gharama kwa maandishi hushinda njia nyingine mara nyingi. Kubadilishiwa ndiko wauzaji wanakopenda, na ndiko kunakomuumiza mnunuzi zaidi. Kwa kasoro za kuzaliwa hesabu hugeuka, na tutaifikia.

Kwanza karatasi

Njia zote nne zinategemea kitu kimoja: barua ya daktari wa mifugo yenye tarehe ya karibu kabisa na siku ya ununuzi. Mpeleke mtoto akapimwe ndani ya saa 48 hata kama anacheza vizuri. Barua ya maana hutaja umri, jinsia, rangi na alama za mbwa, namba ya chipu kama anayo, uzito, joto la mwili (la kawaida kwa mtoto wa wiki 8 ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kitu), rangi ya ufizi, kipimo kilichofanywa na matokeo yake. Mwombe daktari aandike pia ugonjwa huo huchukua siku ngapi tangu kuingia hadi kuonekana. Sentensi hiyo moja ndiyo mtakayoivutana baadaye. Barua iwe na sahihi, muhuri, na namba ya usajili ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Maneno ya muuza dawa wa agroveti hayatakusaidia mbele ya mtu yeyote.

Mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, kwa WhatsApp au ujumbe mfupi. Simu haiachi alama. Ujumbe usiwe na matusi wala vitisho, kwa kuwa huenda ukasomwa na hakimu:

"Habari za jioni mzee. Yule dume wa German Shepherd niliyemchukua kwako Jumamosi ameanza kutapika na kuhara damu leo asubuhi. Daktari amempima, kipimo kimeonyesha parvo. Picha ya kipimo na barua ya daktari hizi hapa. Anahitaji kulazwa na kuwekewa dripu. Naomba jibu lako leo kabla ya saa kumi na mbili: unataka arudi kwako, au atibiwe hapa tugawane gharama?"

Umempa nafasi ya kuchagua, nawe umeweka saa. Lakini dripu isingoje jibu lake. Mtoto wa kilo 3 anayetapika na kuhara huisha maji mwilini haraka kuliko muuzaji anavyofungua simu. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa pamoja na mazungumzo yote, na lile tangazo lililosema "vaccinated, dewormed, pure breed" lipige picha sasa, kabla halijafutwa.

Ugonjwa uliingia lini?

Hapa ndipo madai mengi hufa au hupona.

Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, huchukua siku 3 hadi 7 tangu kuambukizwa hadi dalili, na mara chache hufika siku 14. Mtoto akianza kutapika siku ya kwanza au ya pili kwako, alikuja nayo. Kati ya siku ya 3 na ya 7 lawama bado inamwelemea muuzaji, lakini naye ana la kusema: mtoto alikanyaga chini stejini, alilala kwenye boksi lililobeba mbwa mwingine, au ua wako una virusi. Hoja ya mwisho si ya kupuuza. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata mwaka. Ikiwa mbwa wako wa awali alikufa akihara damu kwenye ploti hiyohiyo, madai yako yamepungua nguvu, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujaanza kubishana. Siku 14 zikipita, tafuta chanzo kwako.

Kipimo chenyewe kina mitego miwili. Mtoto aliyechanjwa siku chache tu zilizopita anaweza kuonyesha mstari hafifu wa parvo kwa sababu ya chanjo, kwa hiyo mtajie daktari tarehe ya chanjo kabla hajapima. Na kipimo kisichoonyesha kitu siku ya kwanza hakimwondolei mtoto parvo. Dalili zikiendelea, kirudiwe baada ya siku moja au mbili.

Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, hufichika zaidi. Makamasi mazito, matongo na kikohozi huanza wiki moja hadi mbili baada ya kuambukizwa, na degedege au misuli kutetemeka inaweza kuja wiki kadhaa baadaye, wakati muuzaji ameshasahau sura yako. Barua ya mapema inayotaja makamasi ndiyo itakayounganisha mambo hayo mawili. Tahadhari moja hapa: mtoto mwenye degedege, anayetoa mate na kuuma ovyo anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mfungie, piga ripoti ofisi ya mifugo ya kaunti, na yeyote aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Habari za pesa zitangoja.

Babesia, inayoletwa na kupe, huhitaji siku 10 hadi 21. Ehrlichia, nayo ya kupe, karibu siku 8 hadi 20. Ufizi uliopauka na mkojo wa rangi ya chai wiki ya kwanza maana yake kupe walimng'ata alikotoka.

Minyoo ndiyo rahisi kuliko yote kuthibitisha. Minyoo mviringo hupita kwa mama kabla ya kuzaliwa na kwenye maziwa, hivyo tumbo lililovimba kama ngoma kwa mtoto wa wiki 8 ni la muuzaji, bila ubishi. Lakini ni ugonjwa wa dawa ya bei ndogo. Mpe dawa, rudia baada ya wiki 2, mwandikie muuzaji ili ijulikane, yaishe. Kupigania bei ya dawa ya minyoo ni kupoteza nguvu utakazozihitaji kwingine, isipokuwa daktari amekuta upungufu mkubwa wa damu kutokana na minyoo ya safura.

Halafu kuna kuhara kusiko kwa mtu. Mtoto aliyekuwa akila chakula cha dukani, akafika Kisumu akapewa ugali, omena na maziwa ya ng'ombe jioni ileile, atahara. Ndiyo maana muuzaji mwenye akili hukupa chakula cha wiki moja na kukuambia ubadilishe polepole kwa siku 7 hadi 10. Ukimlaumu kwa hili na kipimo kikatoka safi, lalamiko lako la pili halitasikilizwa.

Kadi ya chanjo isomwe upya

Neno "amechanjwa" kwenye matangazo mara nyingi humaanisha sindano moja ya wiki ya sita. Hiyo peke yake haimkingi mtoto. Kinga aliyopata kwa mama huweza kuizima chanjo, ndiyo sababu hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Kadi ya kweli ina kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa chenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, tarehe ya sindano, jina na muhuri wa daktari. Ukiona tarehe zote zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, hakuna kibandiko, au kichaa cha mbwa "kimechanjwa" wiki ya tano wakati chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa miezi 3, mpigie daktari aliyetajwa. Akisema hamjui mbwa huyo, mzozo umebadilika: sasa una maelezo ya uongo, na hilo huzidi ugonjwa kwa uzito. Chanjo aliyodunga mfugaji mwenyewe baada ya kuinunua agroveti inaweza kuwa halisi, ila haina shahidi, na hakuna ajuaye kama ilikaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 njia nzima.

Kumrudisha au kubaki naye

Chukua mfano: mtoto wa shilingi 25,000, parvo siku ya pili, siku tano za kulazwa kwa shilingi 15,000.

Ukimrudisha, kwenye karatasi unapata 25,000 zote na kupoteza ulicholipa kliniki siku ya kwanza. Kwa vitendo mambo huenda tofauti. Pesa ya muuzaji mara nyingi imeshaingia kwenye chakula cha mama na karo, kwa hiyo utaahidiwa "mwisho wa mwezi". Mtoto naye hufa. Kusafirishwa na matatu kutoka Kisumu kurudi Nakuru, zaidi ya kilomita 150 kupitia baridi ya Kericho, akiwa hana maji mwilini, ni kumpunguzia siku, na njia nzima anamwaga virusi kwa mbwa wengine. Akifika, wafugaji wengi hawana dripu; watampa sukari na chumvi kwa kijiko, naye atavitapika. Parvo isiyotibiwa huua wengi. Inayotibiwa mapema kwa maji ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki, wengi hupona. Kumrudisha kuna maana pale mnapoishi mji mmoja, muuzaji ana daktari wake wa kweli, au kasoro ni ya kuzaliwa na mtoto hayuko hatarini. Ukifanya hivyo, pesa iingie kwenye simu yako palepale mnapokabidhiana, na muuzaji atie sahihi karatasi kwamba amempokea hai. Bakisha nakala ya kadi.

Ukibaki naye na muuzaji akabeba nusu ya matibabu, unaongeza 7,500. Mbwa amekugharimu 32,500, na ukimpata hai unaye mbwa mwenye kinga ya parvo ya miaka mingi. Akifa, hasara yako inategemea kilichoandikwa, na hapa ndipo watu huteleza: wanakubaliana nusu ya bili na kusahau kifo. Andikeni yote mawili mapema. Kwa mfano: muuzaji analipa nusu ya bili moja kwa moja kliniki, na mtoto akifa ndani ya siku 14 anarudisha nusu ya bei, au bei yote kama uchunguzi wa mzoga utaonyesha ugonjwa aliokuja nao. Wekeni pia kikomo cha bili, kwa kuwa hakuna anayekubali kusaini deni lisilo na mwisho.

Akifa, usimzike kwanza. Mzoga uwekwe kwenye barafu bila kugandishwa, maana kuganda huharibu sampuli, na ufike maabara ndani ya siku moja. Maabara za uchunguzi wa magonjwa ya mifugo za serikali ziko Nakuru, Eldoret na Kericho; kwa aliye Kisumu, Kericho ndiyo ya karibu. Piga simu kabla ya kuondoka uulize kama wanapokea mbwa siku hiyo.

Kubadilishiwa

Muuzaji huipenda njia hii kwa sababu haimtoi shilingi: mtoto mwingine wa uzao uleule ni mali iliyobaki bandani. Kwako ni hatari maradufu. Ndugu zake wamelala kwenye kinyesi kilekile, na nyumba yako sasa ina virusi. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa sabuni, kisha kuipaka klorini ya kufulia, mililita 150 kwenye lita 3 za maji, ikabaki na unyevu dakika 10. Udongo na nyasi haziponi kwa klorini. Hapo usilete mtoto ambaye hajamaliza chanjo zote za wiki 16, na ngoja miezi kadhaa.

Kuna mbadala mmoja tungeupokea bila kusita: ndugu aliyeugua parvo akapona. Ana kinga, na wauzaji humtoa kwa bei ya chini wakidhani ameharibika.

Kwa kasoro za kurithi ubaya ni mwingine. Kichanga cha German Shepherd anayerudisha chakula kizima kila baada ya kula tangu alipoachishwa maziwa huenda ana umio uliotanuka. Mwingine huzaliwa na mshipa wa moyo usiofunga. Kubadilishiwa kwa uzao wa wazazi walewale ni kununua tikiti ya bahati nasibu ileile. Dai pesa, au mtoto wa wazazi wengine.

Kasoro za kuzaliwa: zipi ni za kupigania

Mlio wa ziada moyoni kwa wiki 8 unaweza kuwa wa kupita, nao hupotea kabla ya miezi 5 hivi. Ukiwa mkubwa au ukiendelea, aonwe kwa kipimo cha moyo. Korodani ambayo haijashuka ingojewe hadi miezi 6. Ngiri ndogo ya kitovu hurekebishwa siku ya kuhasiwa, na kwa kuwa uliiona kwa macho siku ya kununua, ni vigumu kuidai baadaye: sheria ya mauzo ya bidhaa, sura ya 31 ya sheria za Kenya, haimlindi mnunuzi kwa kasoro ambayo ukaguzi wake mwenyewe ulipaswa kuifichua.

Nyonga ndiyo vita ngumu. Rottweiler au German Shepherd huanza kuchechemea kati ya miezi 5 na 12, na picha rasmi za eksirei huanza kupimwa alama mwaka mmoja ukifika. Muuzaji atasema ulimnenepesha, ukamlea kwenye vigae vinavyoteleza, na hatakuwa amekosea kabisa, kwani uzito na malezi huchangia pamoja na damu. Una nguvu tu kama aliandika kwamba wazazi walipigwa eksirei na akashindwa kuonyesha picha. La sivyo, omba punguzo na umtunze mbwa wako.

Mfugaji au jirani?

Sheria hiyohiyo ya sura ya 31 humtofautisha anayeuza watoto wa mbwa mara kwa mara na jirani ambaye jike lake lilizaa mara moja. Kwa wa kwanza kuna sharti lisiloandikwa kwamba anachouza kiwe cha ubora unaofaa kuuzwa. Kwa wa pili unashika zaidi alichokitamka: umri, aina, chanjo. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012 nayo huhesabu maelezo ya uongo ya mfanyabiashara kuwa mwenendo usio wa haki, na humruhusu mnunuzi kuvunja mapatano kwa notisi ndani ya mwaka mmoja. Tangazo la "hakuna kurudisha pesa" halifuti haki hizo. Ila ukikaa na mbwa muda mrefu bila kusema neno, unahesabiwa umemkubali. Unabaki na dai la fidia, si la kumrudisha.

Aliyesafirishiwa mtoto kwa boksi na dereva wa matatu ana tatizo la ziada: kumkabidhi mbebaji mara nyingi huhesabiwa kuwa umekabidhiwa wewe, isipokuwa mlikubaliana vingine. Mpige video anapotolewa kwenye boksi, dereva akionekana.

Mahakama, chifu, polisi

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Ipo Nakuru na Kisumu. Tuma kwanza barua ya madai yenye siku 14, ikitaja bei, bili na tarehe. Picha za WhatsApp ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi. Mahakama hii haifungwi sana na kanuni za ushahidi, lakini cheti humnyima mpinzani hoja.

Kushinda ni sehemu nyepesi. Kulipwa kunahitaji ujue jina kamili la muuzaji na anakoishi, na wengi wanajua namba ya simu tu na picha ya banda. Jina la M-Pesa ni mwanzo mzuri, ingawa wakati mwingine ni la mke au la mfanyakazi. Chini ya shilingi 10,000, chifu au mzee wa nyumba kumi wa eneo la muuzaji humaliza haraka zaidi, hasa Magharibi ambako muuzaji anaogopa jina lake sokoni kuliko samansi. Polisi watakuambia ni kesi ya madai, na kwa ugonjwa peke yake wako sawa. Kadi ya kughushi ni jambo lao. Kurudisha muamala kwa kutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ni kwa pesa iliyokwenda namba isiyo sahihi. Ukiitumia hapa umejiharibia wewe.

Mkikubaliana alipe kwa awamu, andikeni kiasi na tarehe ya kila awamu, namba ya kitambulisho cha kila mmoja, na kwamba awamu moja ikikosekana salio lote linadaiwa mara moja. Kila malipo yapite M-Pesa, hata kama anakuja nyumbani na noti mkononi.